Mshale wa Kushoto

Nimefundisha watu kuendesha magari hapa Nakuru kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda huo wote kuna jambo moja niliwafundisha vibaya. Sikufanya hivyo kwa uzembe. Mwalimu wangu alinifundisha vile, naye alifundishwa vile, na kila dereva ninayemjua mjini humu analiamini bila kuuliza: kushoto ni free. Taa iwe nyekundu au kijani, ukitaka kukata kushoto, wewe tazama kulia, na kama hakuna gari linalokuja, ingia. Nililisema hilo darasani mbele ya ule ubao wetu wa mji wa mfano, nikisukuma kigari cha plastiki kwa kidole kwenye kona huku wanafunzi wakiandika. Nililisema barabarani pia, nikiwa nimekaa kiti cha abiria chenye breki ya mwalimu, mkono wangu ukionyesha njia. Nilijiona mwalimu hodari sana.

Tunaishi Section 58, na kanisa letu liko ng'ambo ya makutano ambayo sitayataja jina, maana wenyeji wanayajua na mgeni jina halitamsaidia. Mke wangu ni mwanakwaya. Huwezi kumtenganisha na kwaya hata ukimpa ng'ombe. Jumamosi moja alikuwa akivuka hapo kwenda mazoezini, taa ya watu wa miguu ikiwa kijani, pikapu ikakata kushoto na kumgonga nyonga. Dereva hakutoroka. Alimbeba mwenyewe hadi hospitali, na nilipofika nilimkuta kwenye korido analia kama mtoto. Aliponiona alinishika mikono yote miwili akasema, "Mzee, nisamehe. Niliangalia kulia, hakukuwa na gari. Na kushoto si ni free?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mke wangu yuko ndani anapigwa picha ya mfupa, na mimi huku nje naitikia, kwa sababu mtu huyu alikuwa amefanya hasa kile ambacho ningemwambia afanye. Sikumweleza mke wangu habari hiyo. Ni mambo ambayo mtu huyaweka chini ya godoro na kulala juu yake.

Nyonga ilipona kwa kiasi chake. Akaanza kutembea kwa mkongojo, akarudi kwaya, lakini kuvuka pale kwa miguu alikataa katakata. Kila Jumamosi alikuwa akitembea hadi ukingoni mwa barabara, anapanda boda boda, anavushwa, anashuka upande wa pili. Safari yenyewe ilikuwa fupi kiasi kwamba mwenye boda hakuwa na haja ya kubadilisha gia. Vijana wa stendi walimpenda na kumtania, "Mathe, leo tunaenda ng'ambo ama tunaenda Nairobi?" Naye alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Aliniambia siku moja, akikunja nguo, kwamba kitu kinachomuuma si nyonga. Alikuwa mtu wa kwenda anakotaka, na sasa barabara ya upana ule imemshinda. Nilimpenda sana siku ile.

Ndipo wakaja kubadilisha taa. Walichimba pembe zote nne, wakaweka nguzo mpya, na foleni ikafika karibu na mtaa wa Free Area. Hasira zangu huwa karibu, na siku ya tatu ya kukaa kwenye vumbi hilo na mwanafunzi anayezima injini kila hatua, nilitoa kichwa dirishani nikamfokea mwanamke mfupi wa makamo, koti lake la kung'aa limemfika magotini, aliyesimama pembeni na daftari.

"Mathe, mtatuchimbia hii barabara hadi lini?"

Hakunyanyua hata uso. "Hadi mjue kusimama, boss."

Mwanafunzi wangu alicheka mpaka injini ikazima tena.

Baadaye nilijua kwamba yeye ndiye fundi mkuu wa taa zile. Na hakuwa fundi wa kukaa ndani ya gari akielekeza kwa simu. Kila siku nilipopita na wanafunzi wangu nilimkuta pale pale kwenye kona, asubuhi na jioni, anaandika. Mimi ni mtu mdadisi kuliko nilivyo na haya, kwa hiyo siku moja, saa ya chakula cha mchana, nilimfuata kwenye kibanda cha chai, nikaomba msamaha wa haraka haraka, nikamuuliza anaandika nini.

"Macho," alisema.

"Macho ya nani?"

"Ya madereva. Wewe ni mwalimu, niliona L kwa gari. Niambie, dereva akikata kushoto anaangalia wapi?"

"Kulia," nikasema, na kifua mbele.

"Na mtu wa miguu anatokea wapi?"

Miaka yote ile nimesukuma kigari kwenye kona ya ubao, na ubao wetu hauna hata mtu mmoja. Una taa, una reli, una kituo cha petroli. Watu hatukuwahi kuwaweka.

Alinichorea kwenye daftari lake, taratibu, bila kunidharau. Taa za zamani zilikuwa zinawasha kijani kwa magari na kwa watu wa miguu wanaoelekea upande mmoja, kwa wakati mmoja. Gari la kwenda mbele halina shida nao. Gari la kukata kushoto linawaingilia moja kwa moja, na dereva anatazama upande mwingine. Taa mpya zingekuwa na mshale wa kushoto peke yake. Kijani cha kwenda mbele kitawaka, lakini mshale utabaki mwekundu mpaka watu wamalize kuvuka. Wakishamaliza, watu watasimamishwa, na mshale utakuwa kijani.

"Ni hiyo tu?" nikauliza.

"Ni hiyo tu. Lakini lazima nijue watu wanamaliza lini."

Nikamweleza juu ya mke wangu. Nilimweleza nyonga, mkongojo, na boda boda ya kuvukia. Nilitarajia atacheka kama wengine. Aliacha chai yake ikae, akasema, "Niletee huyo mama."

Nilipomleta, mke wangu alishika mkono wangu kwa nguvu na kutangaza kwamba kama ni kuvuka, yeye anarudi nyumbani. Yule fundi hakumbembeleza. Alimpeleka kwenye kiwanja kitupu walikoegesha mashine, akachora mistari miwili ya chaki, upana wa barabara ile kamili, akamwambia atembee kutoka mstari mmoja hadi mwingine kama mtu anayeenda kuimba. Akitembea, fundi alikuwa anatazama saa ya simu yake. Alimtembeza mara tatu. Mara ya pili mke wangu alijitahidi kuharakisha, kwa aibu, na fundi akamzuia.

"Hapana mama. Usinionyeshe. Tembea."

Mara ya tatu alitembea kweli, na mkongojo wake na kusimama kwake kidogo katikati. Fundi akaandika, akatazama namba yake, akatikisa kichwa. Alisema taa za hapo zilikuwa zimewekewa mwendo wa mtu mwenye haraka na miguu mizima.

"Sasa nitaziweka kwa mwendo wako."

"Wangu?" mke wangu akasema. "Mimi ni konokono."

"Basi Nakuru itangoja konokono."

Nimewahi kuwaona wakubwa wengi wakizindua mambo mengi, na riboni, na maspika, na hema. Sijawahi kuona jambo lililonigusa kama yule mama na chaki yake. Alikuwa na mji mzima wa kupanga, malori ya Kampala, mabasi ya Kisumu, na alisimamisha yote hayo akilini mwake ili apime hatua za mtu mmoja. Nilimheshimu siku ile, na ninamheshimu mpaka leo.

Taa zikawashwa. Wiki ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Dereva mmoja akisimama kwenye mshale mwekundu, kumi nyuma yake wanapiga honi. "We boss, kushoto ni free! Umelala?" Mimi nilichukua karatasi nyekundu na gundi, nikabandika mshale kwenye ubao wetu darasani, na kwa mara ya kwanza nikaweka watu: vifuniko vya soda, sita, kwenye kivuko. Nikawaambia wanafunzi kwamba nilikuwa nimefundisha makosa. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, kusema hivyo nikiwa na mvi hizi.

Mke wangu hakuvuka. Alikuwa anaenda hadi ukingoni, anatazama taa zikibadilika mara moja, mara mbili, halafu anainua mkono kuita boda. Sikumsukuma. Mwezi ukaisha hivyo.

Kisha ikaja Jumamosi moja alasiri, nikiwa na mwanafunzi wangu mgumu kuliko wote, mama mmoja kutoka Bahati, nje ya mji, mwenye shamba la viazi na pikapu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na klachi ilikuwa imemtesa hadi nikaanza kumuogopea usingizini. Nilikuwa nimemgombeza siku hiyo, zaidi ya ilivyostahili. Tulifika kwenye makutano yale tukitaka kukata kushoto. Mbele kijani kikawaka. Lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi ndefu, ya kukutoa roho.

Sikufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Enda mama, enda! Kushoto ni free!" Mkono wangu ulikuwa juu ukipunga kuelekea kushoto, kama ulivyopunga miaka yote. Macho yangu yalikuwa kulia. Mguu wangu haukuwa hata karibu na breki.

Gari halikusonga.

"Enda!"

"Siendi, mwalimu," mama wa Bahati akasema. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, lori linamlilia nyuma. "Mshale ni nyekundu. Si wewe ulitufundisha Jumanne?"

Nikageuza uso kushoto ili niuone huo mshale. Nikamwona mke wangu. Alikuwa kwenye kivuko, katikati kabisa, anakuja upande wetu kutoka kwaya, mkongojo mbele na kitabu cha nyimbo kwapani. Pale alipokuwa ndipo boneti yetu ingekuwa.

Alipita mbele yetu kwa mwendo wake. Alifika ukingoni, na taa ya watu ilikuwa bado kijani. Ikawa nyekundu, ndipo mshale ukabadilika. Mama wa Bahati akaachia klachi bila kuzima injini, akakata kushoto vizuri sana, akatuendesha hadi shuleni.

Jioni nilimkuta mke wangu jikoni anaimba. Alikuwa ameshapika, ameshaoga, amevaa kitenge kipya kana kwamba kuna wageni. "Nimevuka!" akaniambia kabla sijakaa. "Kwenda na kurudi. Kwa miguu yangu." Akanieleza yote: alivyosimama wakati wa kwenda, alivyohesabu, vijana wa boda walivyompigia makofi. Kisha akanimiminia chai.

"Na wakati wa kurudi nilikuona," akasema. "Nilifika katikati miguu ikakataa. Nikaona gari lenu, nikakuona wewe ndani, unanipungia mkono. Nikapata nguvu ya kumaliza."

Nilishika kikombe. Ningeweza kuiacha hivyo. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ile Jumamosi ya pikapu, na hakuna mtu angenilaumu. Lakini chini ya godoro langu palikuwa pamejaa.

Nikamwambia. Nilimwambia mkono ule ulikuwa unasema nini, na macho yangu yalikuwa wapi. Nikamwambia na ya korido ya hospitali, nilivyoitikia kwa kichwa. Alisikiliza yote bila kunikatiza, na alipomaliza kusikiliza akauzungusha mkongojo wake sakafuni.

"Huyo mama wa Bahati," akasema mwishowe, "anaitwa nani?"

Nikamtajia jina.

Kesho yake kanisani, wakati wa shukrani, mke wangu alitembea mpaka mbele, akashukuru kwa ajili ya fundi wa taa, na kwa ajili ya mama wa Bahati, akalitaja jina lake mara mbili ili watu walisikie vizuri. Langu hakulitaja. Nilisimama pamoja na wengine, nikasema amina.