Mlinzi wa Datsun

Enzi zetu, kuegesha gari mjini Nakuru ilikuwa kazi ya mtoto. Kila Jumamosi Baba alitutoa kwetu mtaani Free Area tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa, akaisimamisha Datsun yake chini ya mijakaranda, popote alipotaka, hata kama ni mlangoni pa duka la mtu. Kisha yeye na Mama walienda kunywa chai hotelini, na mmoja wetu aliachwa ndani ya gari. Askari wa manispaa akija, mtoto alikuwa na maneno tayari, aliyofundishwa na Baba: "Gari lenye mtu halijaegeshwa. Limesimama tu."

Kazi hiyo mimi na kaka yangu Wafula tuliigombania mpaka tukachapana makofi. Mlinzi aliletewa hafkeki iliyofungwa kwa gazeti, bado ina joto, na alikalia kiti cha dereva akaendesha mpaka Mombasa bila kuwasha injini. Ndani kulinuka petroli na vitunguu vya wiki iliyopita. Askari akigonga dirisha, tulimtolea yale maneno bila kupepesa macho. Wengi walicheka wakaenda zao. Mmoja alimwambia Wafula amsalimie wakili wake.

Watoto wa siku hizi usiwape kazi hiyo. Kijana wangu nilimwacha garini mara moja tu. Niliporudi nilikuta gurudumu la mbele limefungwa mnyororo, naye yuko palepale na simu yake, hajaona mtu. Wangelivuta gari mpaka Molo angeuliza tu kama huko kuna chaja.

Lakini siku hizi hata mlinzi mzuri atalinda nini, wakati nafasi yenyewe haipo? Ada inapanda kila unapoizoea, na ukishakubali kulipa bado utazunguka mji kama mtu aliyepoteza mbuzi. Anayeumia zaidi ni Mama. Tangu Baba afariki, chai ya Jumamosi mjini ndiyo kitu pekee kinachomtoa nyumbani. Magoti yake hayamruhusu kutembea, kwa hivyo lazima nisimame karibu na mlango wa hoteli, na hapo hapakosi gari la mtu mwingine. Mara nyingi tumezunguka mpaka akasema kwa sauti ndogo, "Twende tu nyumbani." Niliogopa kwamba Jumamosi moja nitamkuta hata hajavaa kitambaa chake cha kutokea.

Juzi alisema hivyo tena, na nikakasirika. Nilisimama mbele kabisa ya hoteli, mahali pa kushushia mizigo, nikamwambia, "Mama, kaa hapa. Chai itakufuata."

Nilipotoka na vikombe vya karatasi na hafkeki, vijana wawili wa kanjo, ndio askari wa manispaa wa siku hizi, walikuwa dirishani kwake, mnyororo mkononi.

"Mathe, shuka kidogo tufunge hii gari," mmoja alikuwa akimbembeleza.

"Nikishuka, kijana, wewe ndiye utanibeba kunirudisha?" Mama alikuwa amejifunga mkanda. "Halafu gari lenye mtu halijaegeshwa. Limesimama tu."

"Hiyo ni sheria ya wapi, mathe?"

"Ya mzee wangu."

Walitazamana. Yule mdogo akashindwa kujizuia, akacheka mpaka mnyororo ukalia. "Sawa mathe, kunywa chai yako. Lakini tukirudi tusikupate hapa."

Nikaingia. Tulikunywa haraka, madirisha wazi, jicho moja kwenye kioo cha nyuma. Zamani mji mzima ulikuwa na nafasi yetu, na tulidhani ni haki yetu ya kuzaliwa. Sasa tunaiba kona mpaka kikombe kiishe. Namkumbuka Baba sana nikiwa kwenye foleni za mji huu, kuliko hata kaburini kwake.

Mama aliimega hafkeki iliyokuwa bado na joto, akautazama mlango wa hoteli ambao yeye na Baba walikuwa wakiingia pamoja.

"Kumbe," akasema huku akitafuna, "nyinyi mlioachwa garini ndio mlikuwa mnafaidi."