Ini la Bobi

Leo mbwa wangu Bobi ameshinda, na amekufa.

Tulikwenda Ilagala kuwinda nguruwe pori wanaomaliza mihogo yetu. Jua lilikuwa kali mno, Bobi anahema ulimi nje.

"Baba mdogo, naomba nimpe maji."

"Acha, binti. Mbwa akinywa anakuwa mzito."

Bobi aliwatangulia mbwa wote. Alimng'ang'ania nguruwe mguu mpaka wanaume wakafika na mikuki.

Kisha akalala chini. Hakuamka.

Baba mdogo akamimina dumu zima la maji kuoshea nyama!

"Mbwa wa kwanza kuuma hupewa ini," alisema akicheka. "Wako halihitaji tena. Shika, mama yako alikaange."

Nimelizika pamoja na Bobi.

Mafuta yameshapata moto jikoni, mama ananiita. Jamani, nimjibu nini?