Fisi Niliyemtengeneza Mwenyewe

Nililia kama fisi ndani ya jerikeni tupu, saa saba mchana, nikiwa nimeshiba. Huo ndio ujinga wenyewe, mwanangu. Nautanguliza usije ukanidhania mwerevu. Nakuita mwanangu ingawa nina miaka kumi na saba na ndevu nne, kwa sababu siku ile ilinizeesha.

Ilikuwa likizo, nje kidogo ya mji wa Tarbaj. Hooyo, mama yangu, alikuwa amewafungia mbuzi ndani ya boma la miiba mpaka jua lipungue, akaenda kwa jirani. Mimi na binamu yangu Abdi alituachia kazi moja tu: kumwangalia Adey, mbuzi mweupe mwenye mimba nzito. Mdogo wangu mchanga alikuwa akingojea maziwa ya mbuzi huyo, maana ya hooyo yalikuwa yamekauka.

Abdi akalala. Mimi nikatamani kumwona akitimua mbio na kiatu kimoja. Nikaweka mdomo kwenye jerikeni, nikalia, mara moja tu.

Mbuzi mmoja akainua kichwa. Wa pili hakumtafuta fisi, alimtazama yule wa kwanza. Wa tatu akamtazama wa pili. Kisha wote wakaanza kukimbia, wakizunguka boma, na hakuna hata mmoja aliyelia. Hilo ndilo lililonitisha: kwato tupu. Kila mbuzi alisikia kishindo nyuma yake akaongeza mbio, na mbio zake zikawa kishindo kwa aliyekuwa mbele. Vumbi likapanda mpaka jua likawa jekundu. Nikawapigia kelele wasimame, wakazidi. Abdi akaamka, akapiga kelele kunishinda, wakazidi tena.

Halafu, wallahi, nikageuka kumtafuta fisi. Mimi niliyemtengeneza.

Mwalimu wetu wa fizikia aliwahi kuelekeza maikrofoni kwenye spika yake. Sauti ndogo ikatoka, ikaingia tena, ikatoka kubwa zaidi, mpaka ikawa yowe lisilo na mwenyewe. Darasani nilicheka. Bomani sikucheka.

Hooyo alikuja akitembea. Alituambia tunyamaze, tukae chini. Akavuta pole pole tawi la miiba lililoziba mlango. Mduara ukapasuka, mbuzi wakamwagika uwandani, wakatawanyika, wakachoka, wakaanza kula. Adey alibaki kwenye vumbi. Alizaa mtoto aliyekwisha kufa, na chuchu zake hazikutoa kitu.

Kufika alasiri Abdi alikuwa ameapa kwamba aliona mgongo wa fisi. Jirani akasema wawili. Wanaume waliposhika mikuki, fisi wakawa watano, na mmoja anatembea kwa miguu miwili. Nywele zikanisimama, nikaanza kutafuta nyayo pamoja nao. Ndipo nikasema ukweli, mbele ya wote.

Basi mwanangu, kitu kinachojilisha chenyewe usikipigie kelele, utakinenepesha. Tafuta mlango, ufungue. Na kama ni wewe uliyekianzisha, sema kingali kidogo.

Hooyo alinipangusa vumbi usoni, akasema: "Fisi wako hakuwa na meno, na bado amekula. Mungu akujaalie uwe wa kwanza kutulia wengine wakikimbia. Sasa chukua bakuli, upite kila boma umwombee mdogo wako maziwa, na kwenye kila mlango ueleze kwa nini."