Gari la Ishengoma Lililoota Mgomba

Mume wangu Ishengoma alikuwa fundi baiskeli pale Izigo, mwembamba hivi kwamba akisimama upande, jua lilisahau kumpa kivuli. Ila mdomo wake ulikuwa mnene. Siku aliyonioa alisimama mbele ya wageni akamwambia mama yake, Ma Kokuhirwa, ambaye mguu ulikuwa umekataa kutembea: "Mama, nitakupeleka Bukoba kwa gari ukaione meli."

Watu walicheka, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilishawakolea. Mama mkwe wangu hakucheka. Tangu hapo, kila nikimpelekea chakula, kabla hajanawa mikono, ananiuliza: "Gari limefika wapi?"

Basi miaka ile kahawa ilipopanda bei, Mwingereza bado akitutawala, alifariki mzee mmoja kule Ijumbi aliyekuwa na gari. Lilikuwa Fodi la kizamani, la kuwashwa kwa kuzungusha mpini puani. Lilizimika kabla ya vita ya Hitla, likaachwa kibanjani, shambani kati ya migomba, mgomba ukaota humo humo: ukapenya sakafu, ukatoboa paa, ukazaa mkungu. Kuku walitagia kwenye kiti. Nimeviona kwa macho yangu vifaranga vya humo, na jogoo wao hakuwika alfajiri, alipiga honi. Asiyeamini aende Ijumbi akaulize.

Mrithi alikuwa Buberwa, mtoto mkubwa wa marehemu. Kwetu mrithi ndiye hupewa nyumba, kibanja na mkuki wa baba, na gari nalo likamwangukia. Ishengoma akampa ndama jike na mtungi mmoja wa rubisi, wakakaa kivulini wakaumaliza wawili tu.

Hapo ndipo alipokosea. Mali ya urithi huitiwa ukoo mzima, wanywe washuhudie. Usipowaita, ndugu yeyote anaweza kuja siku anayotaka, akurudishie ulichotoa, akomboe cha baba yake. Nilimwambia.

"Hiyo ni desturi ya kibanja," akanijibu. "Mimi nimenunua gari."

"Gari lenye mgomba ndani ni kibanja."

"Wewe mwanamke, pika ndizi."

Nikapika, tena za ule mkungu wa garini. Zilikuwa tamu, zina harufu ya grisi kidogo.

Wanaume walilibeba mabegani mpaka Izigo kama bibi harusi mnene. Mume wangu akaanza kulifufua. Sakafu ilitoka kwenye mtumbwi mkuukuu, viti akavijaza nyasi ndani ya magunia ya kahawa, paa akaliwamba ngozi za mbuzi. Mlango wa kushoto ulikuwa mlango wa jiko langu; mvua zote za mwaka ule nilipika na kuku wakinitazama. Bashiri, fundi wa Bukoba, alikuja kuisafisha injini, akahamisha ukoo wa panya uliokuwa na wajukuu tayari. Petroli ilipokosekana tukalinywesha konyagi ya ndizi. Likawaka, jamani! Lilipita barabarani likiyumba na kunukia kama sherehe, na walevi wawili walilifuata mpaka mtoni wakiliita shemeji.

Safari ikapangwa. Ma Kokuhirwa alivaa kanga mpya, akapanda tangu alfajiri, akagoma hata kushuka kunywa uji. Ishengoma alikuwa ameshika mpini azungushe, ndipo akatokea Lwakatare, mdogo wake Buberwa, anavuta ng'ombe kwa kamba. Nyuma yake wazee wa ukoo, mbele yao mzee Rutashobya na fimbo yake.

"Ndama wako huyu, amekua," Lwakatare akasema. "Nakomboa gari la baba."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama migomba.

"Lilipooza mlikuwa wapi?" akauliza.

"Ukoo hauna haraka," akasema Rutashobya. "Ulituita kunywa? Hukutuita. Mama, teremka."

"Nishuke niende wapi?" Ma Kokuhirwa akafoka. "Mimi naenda kuona meli!"

Nikapiga magoti, nikawa mpole kama maziwa. "Waitu, mzee wangu, anayekomboa kibanja, aliyepanda mle anafanywaje?"

"Hulipwa kila shina alilopanda. Au ang'oe chake."

"Basi mwacheni mume wangu ang'oe alichopanda."

Ishengoma akanielewa, akatupa mpini, akachukua bisibisi. Kwanza mlango wa jiko langu. Kisha paa. Kisha ubao baada ya ubao, na kiti kikateremshwa pamoja na Ma Kokuhirwa juu yake, akiwatukana wazee hadi babu zao. Ikabaki mifupa ya chuma, injini na honi yenye puto la mpira. Lwakatare akasimama kati ya vyuma vya baba yake na ng'ombe.

"Haya, endesha," mzee mmoja akamtania. Wazee wakacheka mpaka fimbo zikaanguka.

Lwakatare alikuwa ameishika ile honi, akaiminya. *Paaa!* Akaiminya tena, uso wote ukawa wa mtoto.

"Baba hakuniruhusu hata kuigusa," akasema polepole. "Alisema ni ya mrithi."

"Kumbe unataka honi tu!" Ma Kokuhirwa akapaza sauti kutoka uwanjani. "Mpandisheni mbele aminye, twende!"

Nikatoa rubisi niliyoificha nyuma ya nyumba, maana nilimjua mume wangu. Ukoo ukanywa, ukashuhudia: gari ni la Ishengoma, honi ni ya Lwakatare, na gari lisitoke bila yeye kuitwa. Ng'ombe akarudi Ijumbi. Mbao zikarudi mahali pake, isipokuwa mlango wangu wa jiko. Huo niliukalia.

Lwakatare aliminya honi kutoka Izigo mpaka gatini Bukoba, na meli ikamjibu. Nahodha alitoka mbio akidhani meli nyingine inakuja kwa barabara. Ishengoma akambeba mama yake mgongoni mpaka ukingoni mwa maji. Ma Kokuhirwa akaitazama meli mbele, akaitazama nyuma, akaitazama tena.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini haina hata mgomba mmoja."