Nilivyohutubia Juu ya Ubao wa Mfereji

Ujinga wangu mkubwa kuliko wote niliufanya mchana kweupe, mbele ya majirani, nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi. Nilisimama katikati ya ubao wa kuvukia mfereji nikaanza kuwaeleza watu tamthilia za kale, wakati walichokuwa wanakitaka kwangu ni hatua moja tu, kulia au kushoto.

Huku kwetu juu ya Moshono, mambo ya mfereji hayapigiwi kura za karatasi. Mfereji unashuka kutoka mlimani, kila shamba lina zamu yake ya maji, na likitokea jambo la kuamua tunakusanyika penye ubao. Anayekubali anasimama upande wa kahawa. Anayekataa anavuka kwenda upande wa migomba. Mwenyekiti wa mfereji anatazama huku, anatazama kule, imekwisha. Pande zikilingana, miguu yake yeye ndiyo inayoamua.

Safari hii jambo lilikuwa ukuta. Bwana mmoja aliyenunua viwanja hapo katikati alitaka mfereji uingizwe kwenye bomba, upite chini ya ukuta wake, kwa kuwa maji ya wazi yanamwekea matope getini. Maskini, matope! Kaja kuishi mlimani. Ukiteremka kutoka kwenye ukuta huo kuna shamba la jirani yangu, mama mjane anayelima mnafu na mchicha wa kupeleka soko la Tengeru. Bomba likiwa jembamba au likiziba, kinachokauka ni mboga zake, si za mtu mwingine.

Alinijia asubuhi ya mkutano. Mimi si mtu wa kutoka. Mke wangu huwaambia wageni kwamba kochi letu tulilinunua likiwa na mtu juu yake. Nilikuwa nimejilaza na kitabu kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo utatoka?"

"Nalitafakari suala lako, mama. Unajua, katika tamthilia za kale..."

"Sijauliza habari za kale, kijana. Nimeuliza leo utatoka?"

Nina mvi, lakini kwake mimi ni kijana. Nikatoka.

Niseme kidogo kuhusu hivyo vitabu. Niliishia kidato cha nne, na Fasihi ndilo somo pekee nililofaulu bila kanisa zima kuniombea. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za wafalme na maangamizi yao, na nikajiona nimegundua jambo. Hakuna mtu katika kazi zile kongwe anayejua kesho italeta nini. Wote wanatenda gizani. Anayejiona ana uhakika ndiye anayeubomoa mji. Ukisoma hayo kisha ukawasikiliza waheshimiwa wetu redioni, hutakosa cha kucheka. Nilicheka miaka mingi, nikiwa nimelala chali.

Pale penye ubao, mwenye ukuta alisema, "Maji yatafika tu. Nawahakikishia." Mtu ambaye hajawahi kushika jembe siku ya kusafisha mfereji!

"Bomba la ukubwa gani?" mtu akauliza.

"La kutosha."

Watu wakacheka. Halafu akaongeza kwamba anafikiria kuweka taa njiani, na nusu ya waliocheka wakasogea upande wa kahawa. Watu wazima, wazee wa kanisa, walihama kwa ajili ya taa ambayo hata glopu yake haijanunuliwa. Niliwadharau sana. Nilipanda kwenye ubao nikiwadharau.

"Ndugu zangu," nikaanza, "anayesema nawahakikishia ndiye wa kumwogopa." Nikawapeleka kwa wafalme wa zamani, nikawarudisha. Ilikuwa kweli tupu, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo: nilikuwa sahihi kabisa. Nikanogewa. Nikawaambia kwamba katika tamthilia hizo kuna kundi la wazee wanaosimama pembeni ya jukwaa. Wanaona kila kitu, wanaomboleza kwa lugha safi sana, na hawamshiki mtu hata mkono. "Wanangoja wawe na uhakika kwanza!" nikasema, nikawacheka. Hakuna aliyecheka nami. Mama yule, upande wa migomba, alikuwa anaitazama miguu yangu.

"Profesa," mwenyekiti akasema, "wewe uko upande gani?"

"Nafika huko."

"Fika basi."

"Ngoja nimalizie hoja."

"Malizia, malizia," akasema, akageuza shingo huku, akageuza kule. Pande zilikuwa zimelingana. Aliye juu ya ubao kwetu ni sawa na aliyebaki nyumbani, na miguu ya mwenyekiti ilikuwa kwenye kahawa tangu asubuhi, imetulia kama imepandwa. "Imepita," akasema. Nilikuwa bado nimenyoosha kidole.

Nimewasikia watu wakisema hawakutenda kwa sababu mambo ya siku hizi hayaeleweki, huwezi kujua nani mkweli. Uongo huo naujua vizuri, nimelala nao kochi moja. Siku ile kila kitu kilieleweka. Nilijua nani anaongopa na shamba la nani litakauka. Nilichokiogopa ni kuvuka, kwa sababu nikishavuka ningekuwa mtu mmoja tu kati ya watu waliosimama kwenye migomba na matope viatuni, wala si mwenye hotuba. Yale maandishi makongwe yalikuwa yamenieleza jambo hilo miaka yote. Nilidhani yanamsema mwenyekiti.

Bomba limewekwa. Maji yanatoka upande wa pili kama chai ya msibani, ya kuonja. Mama sasa anachota upande wa juu wa ukuta, kabla ya bomba, na kuteremka na ndoo hadi kwenye matuta. Taa hatujaiona.

Juzi nilimfuata shambani kumtuliza. Tayari nilikuwa na nadharia mpya: kwamba katika kazi za kale anayeshindwa ndiye anayekumbukwa, na kwamba kushindwa kwake, ukikutazama kwa undani, kuna heshima ya aina yake. Alinisikiliza ameinama, akimwagia mnafu maji kwa kopo. Kisha akanyooka, mkono kiunoni.

"Ukimaliza kuongea, ndoo nyingine ile pale."