Kidole cha Bi Sindano

Walikuwa mafundi wawili ndani ya chumba kimoja, mume na mke, na mtaani hakuna aliyewaita kwa majina yao. Mke alikuwa mshonaji, wakamwita Bi Sindano. Mume alikuwa seremala, wakamwita Bado, kwa sababu kila alipoulizwa lini anahamia nyumba yake alijibu kwa neno hilo moja, tena kwa tabasamu. Alijibu hivyo miaka kumi na minne. Watu walidhani ni mvivu. Laiti angekuwa mvivu! Mvivu angechoka, akapigilia misumari, akahamia.

Nyumba yenyewe ilianzia kwenye meza ya mke. Walikuwa wamepanga chumba nyuma ya duka la vipuri, cherehani karibu na dirisha, kitanda nyuma ya pazia. Jioni moja Bado alichukua karatasi ya kaki ambayo Bi Sindano alikuwa akipimia nguo, akachukua na chaki yake, akainama kuchora. Kiwanja alikuwa nacho, kipande cha mteremko nje ya mji alichoachiwa na marehemu baba yake. Akachora nyumba ya mbao tupu isiyo na msumari hata mmoja: kila ubao ungechongwa ulimi, kila nguzo ingetobolewa tundu, ulimi uingie tunduni na kukazwa kwa kijiti cha mti. Akagawa vyumba viwili vya kulala.

"Hiki chetu," alisema. "Na hiki cha mama yako. Dirisha nitaliweka chini, aone nje bila kuinuka kitandani."

Bi Sindano alilia pale pale, machozi yakalowesha chaki. Mama yake, mjane, alikuwa anaishi kwa kaka yake Bi Sindano, na kaka huyo alikuwa dereva wa malori ya masafa, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo mwenye nyumba hasa alikuwa mkewe. Huyo wifi alimlaza bibi kizee wa watu stoo, kati ya makopo ya rangi na magunia ya mkaa, akampa na kikombe chake peke yake chenye alama nyekundu ili kisichanganyike na vya watu. "Mama mkwe anakohoa," alieleza kila aliyeuliza, "na mimi nina watoto." Chumba cha kupanga kisingemeza mtu wa tatu hata kwa kusimama. Basi Bi Sindano alipoitazama ile ramani hakuona nyumba, aliona mama yake akitoka stoo. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani.

Siku za wiki Bado alikuwa karakana ya samani. Jumamosi na Jumapili alikuwa mteremkoni na vibarua wake. Na fundi alikuwa fundi kweli, tusimnyime haki yake. Mwaka wa tatu chumba cha mama kilikuwa kimesimama kuta zote nne, mbao zimepigwa randa mpaka zinateleza. Siku hiyo akamwita mkewe.

"Mikono yangu imeota sugu, haisikii tena kitu chembamba," alimwambia. "Wewe unasikia uzi mmoja ukivutika kwenye suruali. Hebu pitisha kidole kila kiungo, mke wangu, halafu uniambie ukweli."

Akapitisha. Kiungo cha kumi na moja, karibu na dirisha, ukucha ukashika. Kitu kidogo, hata unene wa uzi hakikufika. Angeweza kunyamaza. Lakini alikifikiria kifua cha mama yake, akaufikiria na upepo wa mteremkoni, akaona bora aseme.

"Hapa inakwama."

Bado alifurahi kuliko angeambiwa ni laini. Alimkumbatia, akakibusu kile kidole mbele ya vibarua. "Hiki ni dhahabu!" alisema. Jumamosi iliyofuata akashika nyundo ya mti, akavigonga vijiti vikatoka kimoja kimoja, akaulaza chini ukuta mzima na kuanza upya. Bi Sindano alikuwa amedhani atarekebisha kiungo kimoja. Hakumjua mume wake vizuri, na alikuwa amelala naye miaka tisa.

Toka hapo ikawa ndiyo desturi. Ukuta ukisimama, mke anaitwa, kidole kinapita, mahali fulani kinakwama, ukuta unalazwa. Kiangazi mbao zilinywea, masika zikavimba, na kila zilipofanya moja ya hayo kulikuwa na kiungo kilicholegea. "Haraka haraka haina baraka," Bado alikuwa akisema, na methali hiyo alikuwa nayo mdomoni saa zote. Majirani walisema mfinyanzi hulia gaeni. Wengine walimpoza Bi Sindano kwamba mvumilivu hula mbivu. Mimi sijawahi kusikia wakimuuliza huyo mvumilivu, alipofikishiwa hiyo mbivu, kama bado alikuwa na meno.

Mwaka wa sita mama alianguka stoo, akateguka nyonga. Bi Sindano alimkuta amelazwa kwenye godoro lililokunjwa mara mbili lienee kati ya magunia, nywele zimejaa vumbi la mkaa. Alirudi chumbani akiwa ameshaamua.

"Bwana, tumhamishe mama. Hata hicho chumba chake kimoja tu. Mimi nitalala naye huko, wewe endelea na kazi yako."

"Nyumba haihamiwi vipande vipande," Bado alijibu, wala hakuinua macho kwenye patasi aliyokuwa akiinoa. "Wewe humpi mteja suruali ya mguu mmoja."

"Mteja wangu hafi akisubiri."

"Basi njoo Jumamosi upapase. Ikiwa laini, mlete siku hiyo hiyo."

Jumamosi akaenda. Akapitisha kidole, na kwenye kona ya pili kikakwama, safari hii sana, pengo la kuingiza hata wembe. "Laini," akasema. "Laini kabisa." Akateremka mbio mpaka kwa kaka yake, akamwambia mama afungashe, Jumapili ijayo anakuja kuchukuliwa. Bibi kizee akatia magauni yake mawili kwenye mfuko, akauweka mfuko karibu na mlango wa stoo.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikuvuka hata wiki. Alhamisi ilinyesha mvua ya upepo. Jumamosi Bado alikuta mchirizi wa maji sakafuni, kwenye kona ile ile. Aliita vibarua waone, kisha akamwita mkewe aone mbele ya vibarua.

"Mama yako angelala hapa," alimwambia. "Kifua kile, kwenye maji haya. Unamtaka mama apone au unataka watu waseme umehama?" Vibarua walitazama chini. "Mwizi wa nguo ana afadhali kuliko wewe. Yeye anawaibia watu baki, wewe unamwibia mama yako."

Akalaza kuta mbili badala ya moja. Na Bi Sindano, huku amesimama kwenye mchirizi ule, alikubali kwamba mume wake ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi mimi mpaka leo kuliko yote: alimwomba radhi.

Bibi kizee aliukalia mfuko wake Jumapili nzima. Jumatatu wifi alipita na ndoo, akauliza, "Vipi mama mkwe, gari lako limeharibika njiani?" na watoto wakacheka, maana watoto hucheka anapocheka mama yao. Swali hilo alilirudia kila asubuhi kwa miezi, likawa ndiyo salamu ya nyumba ile.

Mwishowe mama akaomba apelekwe tu akaione hiyo nyumba. Walimbeba juu ya kiti. Wakamwingiza chumbani kwake kusiko na kuta mbili, akalitazama dirisha lililowekwa chini kwa ajili yake, akatazama nje kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Baba, mimi nimebaki mifupa. Huo upepo utapata wapi pa kunishika? Nitandikie hapa hapa."

Bado alicheka kwa upole kabisa, akamshika mkono. "Bado kidogo tu, mama. Wewe unastahili kitu kizuri."

Mama alikufa stoo mwezi wa nne baada ya hapo, asubuhi, watu wakiwa kazini. Wifi aliyekuja kuchukua kopo la rangi ndiye aliyemkuta.

Jeneza alilitengeneza Bado. Alianza saa saba mchana kwa mbao alizokuwa ameziweka kwa ajili ya ule ukuta, na kabla jua halijazama lilikuwa tayari, ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Watu walisifu kazi mpaka wakasahau kulia. Walipolifunga, Bi Sindano alisogea, akapitisha kidole kwenye kiungo kimoja, kingine, akalizunguka lote pande nne. Hakikukwama popote. Mchana mmoja! Alisimama hapo ameshika pembe ya jeneza mpaka wanawake wakamwondoa, wakidhani ni uchungu wa kufiwa. Ulikuwa uchungu, lakini si ule waliodhani.

Alirudi kwenye cherehani yake. Bado alipomwita kupapasa alikwenda, akapapasa, akasema kweli yote: hapa inakwama, pale ni laini. Yeye alidhani mkewe amekomaa akili. "Siku hizi huna haraka," alimsifu mara moja wakila, naye akajibu kwamba haraka ya nini tena.

Mwaka wa kumi na tatu Bado alihamia kwenye paa na milango, kazi isiyohitaji kidole cha mtu. Mwaka huo huo Bi Sindano aligundulika ana sukari. Daktari alimchoma ncha za vidole kwa pini, akamuuliza kama anasikia, naye alikuwa anatazama tu ile pini inavyoingia. Vilikuwa vimekufa ganzi. Aliacha kushona kwa mkono, akawa anashona kwa mashine peke yake, pindo zikamshinda, wateja wawili watatu wakahama. Mume aliyekuwa akikisifu kidole kile mbele ya dunia nzima hakutambua lolote. Wala yeye hakumwambia.

Mwaka wa kumi na nne, Jumamosi ya kiangazi, akaitwa. Nyumba ilikuwa imekwisha. Nasema imekwisha, na hata adui angekubali: mlango ulifunguka kwa kusukumwa na pumzi, sakafu ilinyooka, viungo vyote vimekutana kana kwamba mti uliota hivyo. Bado alikuwa ameshazeeka, mgongo umepinda. Alikuwa amevaa shati safi.

"Pitisha, mke wangu. Ukisema laini, leo tunalala kwetu."

Alipitisha. Chumba chao kwanza, kisha kile kingine, ukuta baada ya ukuta, polepole, bila kuruka kiungo hata kimoja. Hakusikia ubao wala kijiti. Angepapasa maji asingejua. Alipofika chini ya lile dirisha alisimama.

"Inakwama."

"Wapi?"

"Hapa." Akasogea hatua mbili. "Na hapa. Na ile kona yote."

Bado aliingiza karatasi kwenye kiungo, ikakataa kuingia. Akaigeuza, ikakataa. Alimtazama mkewe, na Bi Sindano akajua anafikiria nini, maana ni mtu aliyemjua sasa kuliko nafsi yake: kwamba mtu hudanganya ili apate, hadanganyi ili akose. Mwanamke aliyeingoja nyumba miaka kumi na minne angesema uongo gani wa kumzuia kuingia?

"Karatasi ni kitu cha kipumbavu," alisema mwishowe. Akavua shati lake safi, akalitundika dirishani, akaokota nyundo ya mti. "Ahsante, mke wangu. Wote wangenidanganya, ila wewe."

Bi Sindano alitoka nje. Alisikia kijiti cha kwanza kikigongwa, kikatoka, kikaanguka sakafuni. Alifurahi. Alifurahi mpaka akaogopa furaha yake, akajifunga mtandio vizuri kana kwamba kuna baridi. Ndani mzee alikohoa, akagonga tena, akaita bila kutokeza kichwa.

"Usiende mbali! Nikiusimamisha nitakuhitaji tena."

"Nipo," alijibu. "Siendi popote."