Hereni Ndani ya Chetezo

Kila ninaponusa udi, mkono wangu hupanda wenyewe kushika masikio, kuhakikisha hereni zote mbili zipo. Watoto wangu hunicheka. Ninyi msinicheke kwanza, ngojeni niwasimulie.

Habuba, ndivyo sisi Wanubi wa Kibera tunavyomwita bibi, alikuwa na chetezo cha udongo cha kufukizia mitandio yake kila Ijumaa. Alikuwa pia na vyumba vya kupangisha pale Kambi Muru, ulimi mkali, na methali moja aliyotupiga nayo kila tulipogombana: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kabisa kwamba yeye hakuwahi kujikwaa popote.

Asubuhi ya siku aliyosafiri kwenda Hija, ua wetu ulijaa watu waliokuja kumuaga na kumpa maombi ya kupeleka Makka. Huyu alitaka mwanawe apate kazi, yule apate mume. Jirani mmoja, ambaye mume alikuwa naye tayari, alitaka aombewe huyo mume aache kukoroma. Habuba aliyapokea yote. Kisha, kwa kuwa ndege ilikuwa ya alasiri, akaniambia nivae viatu, akamwamuru mjomba atupeleke Kawangware mara moja. Njiani hakuzungumza nasi. Alivuta tasbihi tu, midomo ikicheza, nami nikadhani tunakwenda kuchukua zawadi.

Mjomba alibaki garini, nasi tukamkuta Mama Wambui jikoni kwake akichagua maharagwe, mguu mmoja umevimba, ameunyoosha juu ya kigoda. Zamani alikuwa mpangaji wetu, na kwetu jina lake halikutajwa bila neno mwizi kufuata. Sasa fikirieni nilivyoshtuka Habuba alipopiga magoti mbele yake kwenye sakafu ya simiti, na buibui lake jipya la safari. Alifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na hereni moja ya dhahabu, imeingia weusi.

"Mama Wambui, hii hereni hukuiba," alisema. "Ilianguka kwa chetezo nikifukiza mtandio. Niliipata kwa jivu wiki moja baada ya kukufukuza. Nikanyamaza."

Miaka minne tulikuwa tukimwita mtu mwizi, na Habuba akitusikiliza.

"Ustadhi ametufunza, haki ya Mungu, Mungu anasamehe. Ya mtu, mpaka mtu mwenyewe," Habuba aliendelea. "Siwezi kupanda ndege hivi. Nisamehe."

Mama Wambui hakuinua macho kutoka kwa maharagwe. "Uliita fundi akang'oa mlango wangu mchana, ploti yote ikiangalia. Wambui alikuwa na homa. Sasa unaniomba msamaha hapa kwa jiko, tukiwa sisi watatu?"

Nilingoja ule ulimi ujibu. Habuba aliuliza tu, kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia kwake, "Utaweza kutembea mpaka kwa gari?"

Tulirudi naye. Watu walikuwa bado uani wakinywa kahawa. Habuba alisimama mbele ya kile chumba alichokuwa ameking'oa mlango, akaiinua hereni. "Huyu mama nilimwita mwizi hapa hapa. Hakuiba. Mimi nilijua, na nikadanganya."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Watu walitazama vikombe vyao. Yule jirani wa mume anayekoroma alichukua kandambili zake akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyempa Habuba ombi lingine.

Nilimkodolea macho Mama Wambui, nikingoja aseme amesamehe. Hakusema. Aliburura mguu wake hadi kwa Habuba, akasema, "Gari inakungoja. Ukifika huko, uniombee huu mguu."

Basi. Habuba alilia kama mtoto, na mimi nikalia kwa kuwa niliona ananyimwa msamaha hadharani. Majuma yote aliyokuwa Makka sikulala vizuri, nikiwaza Hija yake imerudishwa. Kila alipopiga simu nilimwuliza kama Mungu ameikubali, naye alinijibu jambo lile lile: "Leo nimeuombea ule mguu."

Nimekuja kuelewa ukubwani, baada ya mimi mwenyewe kuwakosea watu na kuwapigia magoti. Wengi watakuambia wamekusamehe ili tu uondoke mlangoni kwao. Mama Wambui, mtu wa kanisa asiyekosa Jumapili, hakulitamka neno hilo hata mara moja. Lakini siku ile ambayo Waislamu wenzake Habuba wote waliona dua zake zimeharibika, ni yeye peke yake aliyeamini kwamba bado zinafika.